Bafu la Mahari

Jumatatu, 1 Agosti 1955

Barua imefika! Jina langu limepigwa kwa mashini — Laban Waliaula, Msemaji wa Sinema. Nimeitwa mtihani wa kuzungumza Kiingereza, tarehe 17, saa nne asubuhi, ofisini. Nikipita napewa gari la sinema, hili linalozunguka vijijini, niwe mkubwa wake. Na mkubwa wa gari hupewa nyumba ya serikali hapa Kisumu. Vyumba viwili, jiko lake nje. Mke wangu Selpha na watoto watatoka Kimilili tuishi pamoja, basi!

Miaka minne sasa nalala chumba kimoja na Oketch, dereva wetu, na Oketch anakoroma. Nikienda nyumbani likizo, mtoto wangu wa mwisho ananificha uso nyuma ya mama yake. Hilo linaniuma kuliko ninavyosema.

Oketch aliishika bahasha, akaigeuza, akasema Kiingereza changu ni cha kuombea petroli tu. Wivu! Bila mimi watu wangetazama vivuli vinakimbia kwenye kitambaa. Mimi ndiye mdomo wa gari hili.

Alhamisi, 4 Agosti

Kijiji cha Pap Onditi. Watu wengi hata wengine wamekaa nyuma ya skrini, wakaiona sinema kinyume, na hawakujali.

Kwanza sinema ya pamba. Hiyo huja na karatasi yake ya ofisi, nami nasoma kama ilivyoandikwa, Kiswahili kwanza, halafu Dholuo. Nilijifunza Dholuo hapa hapa, na sasa wazee wananiuliza mimi ni wa ukoo gani. Wakipiga miayo, naifupisha kidogo.

Halafu ya kuchekesha — yule Mzungu mwembamba mwenye kofia, aliyebeba bafu la chuma kichwani, anakatiza nalo mji mzima. Hiyo ilikuja bila karatasi. Ina maneno yake ya Kiingereza ndani, lakini spika ni moja, na midomo miwili kwenye spika moja ni kelele. Kwa hiyo Oketch hufunga sauti ya sinema, nami nazungumza. Tangu siku ya kwanza Mzungu yule hajawahi kusema neno. Nimemsemea mimi.

Kwangu yeye anapeleka mahari. Ng'ombe wake wamekufa kwa ukame, amebaki na bafu, sasa analipeleka kwa wakwe akiomba Mungu wasihesabu miguu. Askari akimsimamisha, nasema huyo ni shemeji ameanza kudai nyongeza. Na pale mvua inapojaza bafu, maji yakammwagikia, suruali ikashuka mbele ya yule mama mnene mwenye mwavuli — nasema, jamani, huyo ndiye mama mkwe!

Basi. Pap Onditi nzima ilianguka. Wanawake walijifunika nyuso kwa leso. Mzee mmoja alisimama akaiambia skrini, "Mwanangu, rudi nyumbani, hapo umekwisha!" Mimi mwenyewe sauti ilikatika kwa kicheko.

Hakuna msemaji kama mimi ziwa hili lote. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumapili, 7 Agosti

Baada ya kanisa nilikwenda kwa Maximilla, dada yake Selpha. Ni mwalimu na Kiingereza chake kimenyooka. Alinikalisha mezani akajifanya yeye ndiye Mzungu. Aliniuliza kwa Kiingereza sinema gani hunichekesha, na kwa nini. Nikajibu, inanichekesha kwa kuwa inachekesha.

Akasema nimezunguka nyumba bila kuingia.

Nilijaribu tena. Ajabu — najua kuwachekesha watu mia tano, lakini kueleza kicheko kwa Kiingereza nikawa bubu. Nilikasirika hata chai sikuimaliza.

"Shemeji, nisikilize," akasema. "Wakiuliza unapenda sinema gani, sema ya pamba. Ya kuchekesha wachana nayo kabisa. Wazungu hawataki kujua Mwafrika anacheka nini."

Nimeandika jibu la pamba kwenye kadi. Mistari kumi. Nimekariri sita.

Jumanne, 16 Agosti

Shati limepigwa pasi. Viatu tayari. Kadi naijua yote.

Barua ya Selpha: ameshagawa kuku wake kwa majirani, kwa kuwa anahamia mjini. Nani alimwambia nimeshapita? Mimi. Niliandika hivyo wiki jana. Mdomo huu!

Jumatano, 17 Agosti

Niandike yote kabla hayajachujuka.

Walikuwa wawili. Bwana Hargrove, mkubwa mpya wa idara ya habari, aliyetoka Nairobi mwezi jana, na mama mmoja wa Kizungu wa idara ya elimu, mwenye miwani. Mwanzo ulikwenda vizuri. Jina, kazi, barabara za Nyanza wakati wa mvua. Kiingereza kilitoka chenyewe. Nikasema sinema ninayoipenda ni ya pamba, nikamwaga mistari yangu kumi.

Bwana Hargrove aliitikia kwa kichwa polepole. Akasema sawa, lakini yeye anataka kuzungumza juu ya zile za kuchekesha. Maana anafikiri tuziondoe kwenye gari. Kwa maoni yake, watu wa vijijini hawaelewi utani wa sinema. Wanacheka tu wakiona mtu anaanguka, kama watoto.

Kama watoto! Nikamwona moyoni yule mzee wa Pap Onditi aliyesimama. Nikasahau Maximilla, nikasahau kadi.

Nikamwambia, sir, hawacheki kuanguka. Nitakueleza wanacheka nini. Na nikaisimulia sinema ya bafu, mwanzo mpaka mwisho, kwa Kiingereza, nimesimama! Ng'ombe waliokufa. Wakwe. Shemeji mdai nyongeza. Nilipofika kwa mama mkwe nikatulia, nikaeleza kwamba kwetu mwanamume hamshiki mama mkwe hata mkono. Wakikutana njiani mmoja anaacha njia. Sasa mtu huyu hana ng'ombe, ana bafu, na suruali iko miguuni. Watu wanacheka kwa sababu kila mwanamume pale aliwahi kwenda ukweni na kitu kisichotosha. Wanajicheka wenyewe, sir.

Mama wa elimu alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Alicheka kweli, siyo kwa adabu tu!

Bwana Hargrove hakucheka. Alisubiri mama yule amalize. Halafu akasema hiyo sinema anaijua, ni yeye aliyeichagua akiwa Nairobi. Na hakuna mahari ndani yake. Wala wakwe. Yule mama ni mpita njia.

Nikakaa chini.

Akauliza nimewaambia watu hivyo kwa muda gani. Nikasema miaka minne, sir. Akauliza, na sinema ya vyoo je? Ya malaria? Huko nako unawaambia unachotaka? Nikasema hapana, sir, zile zina karatasi ya ofisi, nazisoma. Hii ililetwa bila karatasi, na watu walikuwa wamekaa wananingoja mimi.

Mama wa elimu akasema Kiingereza cha bwana huyu hakina shida. Bwana Hargrove akasema shida siyo Kiingereza. Jumamosi atakuja ufuoni Dunga aone kazi yangu kwa macho yake, ndipo aamue kuhusu cheo — na kuhusu kazi yenyewe.

Na kazi yenyewe! Nilikwenda kuomba nyumba, sasa naweza kukosa hata kitanda cha kwa Oketch. Lakini naona aibu kuandika hivi: nilitoka pale nimenyoosha shingo. Nimesema Kiingereza robo saa bila kadi, na Mzungu akalia kwa kicheko.

Ijumaa, 19 Agosti

Jana sikula. Nilitaka kujua yule Mzungu wa bafu anasema nini hasa. Miaka minne tunafanya kazi pamoja, hatujawahi kuzungumza.

Leo tulipeleka projekta kwa Joginder Singh, fundi wetu, aikaze mkanda. Nikamwomba, Sardarji, hebu tuitazame hii na sauti yake. Akafunga madirisha, akaning'iniza shuka. Tukakaa juu ya makreti, yeye na mimi na Oketch.

Kumbe wenzake walimwambia hawezi kulibeba bafu mpaka kwake bila kulitua. Akasema anaweza. Basi. Ndiyo hadithi yote! Njiani anazungumza sana juu ya hali ya hewa.

Ilipokwisha Joginder alikuna ndevu. "Mimi naona hii pale Ahero wewe ukisema," akasema. "Nacheka mpaka tumbo inauma. Leo iko sinema ile ile?"

Nikamwambia ni ile ile. Na nikajua, bila shaka yoyote, kwamba yangu ni bora. Sijuti. Naogopa, lakini sijuti.

Jumamosi, 20 Agosti. Dunga

Naandika ndani ya gari, taa ndogo, karatasi juu ya goti. Oketch anabadilisha rili ya filamu.

Ufuo umejaa. Wavuvi, wachuuzi wa samaki na mabeseni yao, watoto mbele kabisa. Bwana Hargrove amekuja na kiti chake cha turubai, akakaa katikati. Akatoa amri mbili. Ya kuchekesha itangulie, ya vyoo ifuate. Na leo sinema ijisemee yenyewe, sauti juu, Laban akae garini.

Nikakaa. Mzungu wa bafu akaanza kuongea juu ya hali ya hewa.

Kimya. Dunga yote kimya! Mama mmoja muuza samaki akauliza kwa nguvu, "Kwani leo iko matanga?" Suruali ilipodondoka walicheka watoto wachache, wakageuka nyuma kutazama gari. Nikamwangalia Bwana Hargrove — naye hacheki! Sinema aliyoichagua mwenyewe.

Rili ya kwanza ikaisha. Ndipo wakaanza, kwa Dholuo. "Msemaji ako wapi?" "Laban! Leta Laban!" Mabeseni yakapigwa. Wengine wamesimama tayari, wanakung'uta mchanga waende zao.

Bwana Hargrove amekuja mlangoni kwangu sasa hivi. Ameniuliza kwa Kiingereza wanapiga kelele za nini. Ningeweza kumdanganya. Nimemwambia, sir, wanasema huyo mtu hawamjui. Wanamtaka mkwe wao.

Akauliza, na nikikataa? Nikasema, watakwenda nyumbani, sir, na sinema ya vyoo haijaanza. Kiingereza safi. Hata neno moja halikuniteleza!

Amevua kofia. Hajasema ndiyo, hajasema hapana. Amesimama hapa, karibu hata namsikia akihema, anatazama watu wanaoondoka.

Oketch amemaliza kufunga rili ya pili ya bafu. Mkono wake uko kwenye kitufe. Anauliza kwa sauti kubwa, wala hajali, "Omera, ndugu yangu, nifunge sauti ya Mzungu?"

Na Bwana Hargrove anasikia Kiswahili vizuri sana. Wote wawili wananiangalia mimi.