Baba Anabomoa Chumba cha Mama

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ukuta haujaisha, maana nyundo naisikia hadi hapa ninapoandika. Mimi ni msichana wa sekondari, nina haya sana, nikiitwa tu darasani natoka jasho. Baba ni seremala wa majeneza, na mama ndiye anayewapokea wafiwa kwenye chumba cha mbele, anawakalisha, haanzi na bei, anawauliza marehemu nyumbani alikuwa akiitwa nani, wakilia anawaacha walie, ndiyo maana watu wanalipita duka la jirani lenye majeneza ya kung'aa wanakuja kwetu. Sasa ikaja kampuni ya magari ya mazishi inatafuta mbia, mabwana wawili wasiojua Kiswahili, nikaitwa nitafsiri kwa sababu lugha yao naisoma shuleni, mama akaambiwa alete maji tu. Yule mkubwa akasema majeneza wanatengeneza kwa mashine, ya huyu mzee hawayahitaji, ila watu wanamwamini mkewe na hicho wao hawana, wanachotaka ni chumba na mama. Baba akanigeukia, "Enhe, mwanangu, wanasemaje?" Alikuwa amevaa shati lake la kutokea na vumbi la mbao bado liko masikioni, nikasema, "Wanasema kazi yako wameipenda, baba." Akacheka! "Si nilikwambia, mama watoto? Randa yangu inaongea!" Tangu hapo anaamini wanamletea oda, anabomoa ukuta wa chumba cha mbele apanue karakana, mama anawapokea watu uani kwenye vumbi, jana mjane mmoja alikohoa mpaka akashindwa kulia, akaondoka, hakurudi. Ijumaa wanakuja kusaini. Nikisema baba atavunjika moyo, nikinyamaza tutabaki bila chumba. Nifanyeje?

Binti wa Karakana

Binti,

Pole. Hukustahili kubebeshwa mzigo ule, na wazazi wako walikosea kumfanya mtoto mkalimani wa riziki yao. Hapo nimemaliza kukuonea huruma. Ulimwambia baba yako uongo, na uongo huo sasa umeshika nyundo.

Kampuni yenye akili hutafuta mbia mwenye kile isichokuwa nacho. Mashine wanazo, magari wanayo. Wanachokosa ni mtu wa kumkalisha mfiwa, na huyo yuko kwenu. Hiyo ndiyo nguvu yenu mezani, nanyi mnaibomoa kwa mikono yenu, halafu mwenye nguvu yenyewe anatumwa maji! Ila msiwaachie yote. Wakimwajiri mama, wakajifunza kwake, kesho hawatakuwa na haja naye. Chumba kibaki chenu, jina libaki lenu, wao walete magari na majeneza.

Leo, si Ijumaa, nenda karakana na mama yako, mwombe baba aweke nyundo chini. Mwambie maneno yale yale yaliyosemwa. Usiyapige randa, usiyapake vanishi. Ijumaa atafutwe mtu mzima anayejua lugha na mikataba, mama yako akae mezani, wewe nenda shule.

Huenda baba yako asitengeneze tena jeneza. Sikufichi, umeshaona uongo wa huruma unavyofanya. Atafoka, kisha ataketi chini kando ya nyundo, na huko kuketi ndiko kutakakokutisha. Usikimbilie chumbani. Kaa naye hapo kwenye vumbi, kama mama yako anavyokaa na wafiwa.