Rukaruka ya Kaka na Mkono wa Zuhura

Jumatano jioni. Mvua imekatika sasa hivi, milima imejifunika ukungu mpaka shingoni, na mimi nimefura. Nimefura tangu Jumapili.

Nimekaa kwenye kigoda jikoni, simu mkononi, mboga haijachambuliwa. Binti yangu mkubwa aliponifungulia huu ukurasa wa mtandaoni aliniambia, mama, ukijaa sana usigombane na sufuria, andika. Haya. Leo nimejaa.

Kaka yangu Prosper anakaa Dar. Miezi miwili iliyopita aliwaletea wanangu trampolini. Kwa asiyeijua, ni duara kubwa la chuma lenye miguu, katikati kuna kitambaa kigumu cheusi kimeshikwa na springi pande zote. Mtoto anapanda, anaruka kama chura. Hapa Bigwa watoto wameibatiza rukaruka. Ilishatumika Ulaya huko, wenyewe wakaichoka, ikashuka bandarini pamoja na majokofu na baiskeli. Siku hizi ni ruksa, kila kitu kinaingia. Sisi tulikua tunapanga foleni ya sabuni, leo mtoto wa mkulima wa kabichi ana kitu cha kurukia uani kwao. Sikatai. Lori liliposimama nilipiga vigelegele.

Aliyeifunga ni fundi wa vitanda kutoka Mwembesongo, maana tuliona chuma ni chuma tu. Uwanja wetu una mteremko, basi akaweka mawe chini ya miguu miwili ikakaa sawa. Kulikuwa na karatasi ya maelezo. Lugha siijui, mimi darasa la saba nililimaliza kwa kusukumwa, ila picha nilizielewa. Watoto wawili wako juu pamoja, wamewekewa alama ya kosa, nyekundu, kama kwenye daftari la shule. Mtoto mmoja yuko peke yake, amewekewa alama ya vema.

Picha ile haihitaji cheti.

Jumapili kaka alikuja. Tumetoka misa, tumekula wali na kuku, watoto wakaenda kuruka. Alikuwepo Atanasia wangu mdogo, miaka tisa, na Zuhura wa jirani, miaka sita, kembamba kama mpini wa mwiko. Mara namwona kaka anavua viatu, anapanda. Kilo zake sizijui, najua tu kwamba viti vyangu vya plastiki vinamwogopa.

Nikamwambia, "Kaka, shuka. Kile si cha watu wazima, na wala si cha watatu."

Akacheka. "Dada, utawafanya wapwa zangu wawe mayai! Waache wachangamke."

Watoto wakashangilia, mjomba, mjomba, juu zaidi!

Sasa sikilizeni, nyie wenye hivi vitu majumbani. Mzito akitua, kitambaa kinabonyea mpaka chini, halafu kikirudi kinamrusha mwepesi. Mwepesi haruki kwa nguvu zake, anarushwa kwa nguvu za yule mzito. Nililiona hilo kwa macho yangu. Kaka alitua kama gunia la mahindi, Zuhura akapaa, akapita ukingo, akaangukia kwenye lile jiwe la chini ya mguu. Mkono ulitangulia.

Nilisikia ulivyolia. Sitaki kuandika ulivyolia.

Hospitali wakamfunga hogo, ile plasta ngumu nyeupe, kutoka kiganja hadi juu ya kiwiko. Mkono wa kulia. Yuko darasa la kwanza, ndiyo kwanza ameanza kuandika jina lake.

Kaka alitoa nauli ya bodaboda, Jumatatu alfajiri akapanda basi lake. Hakukanyaga kwa Mama Zuhura. Hata pole hakutoa! Mtu akiumia kwetu hata adui anapita mlangoni, anasimama, anasema pole, anakwenda zake. Yeye ndiye aliyemrusha mtoto na amepita kando kama hakuna kitu.

Jana akapiga simu. Nikadhani anauliza hali ya mtoto. Eti, "Waambie wapwa zangu Jumapili nakuja, nimewaahidi tutaruka tena."

Tutaruka!

Nikamgeukia mume wangu nikamwambia, baba Atanasia, sema neno. Akajikuna kisogo. "Mjomba ni mjomba. Mimi nitasemaje?" Na mila ndivyo ilivyo, simlaumu sana. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na msemaji wa ukoo huo ni kaka wa mama. Mtoto akiumwa anaulizwa mjomba, akiposwa anaulizwa mjomba. Mume wangu hapa ni baba mwema tu. Anayeweza kumwambia Prosper hapana ni mimi peke yangu, na mimi ni mdogo wake. Tangu nazaliwa namwamkia shikamoo.

Nilitaka kumkatalia jana ileile. Nikashindwa.

Nilishindwa kwa sababu ya kitu ambacho nilikuwa sijamwambia mtu, na ndicho kinachonichoma kuliko kaka.

Trampolini ilikuja na wavu wake. Wavu mrefu mzuri, wa kuzungusha pande zote ili mtoto akirushwa arudi ndani. Fundi aliniuliza, mama, na huu tuufunge? Nikamwambia niachie. Kuku walikuwa wanamaliza miche yangu ya nyanya. Nikautandaza juu ya kitalu nyuma ya jiko, nikaubana na vijiti, nikajiona nina akili kuliko bwana shamba. Matundu madogo, mdomo wa kuku haupiti. Wiki nzima nilikuwa najisifu.

Jumapili pale hospitali Mama Zuhura aliuliza, hivi hiki kitu hakina hata uzio? Kaka akadakia, kwa kelele, hao watu wa bandarini ni wezi, wameuchomoa! Na mimi nikaangalia chini. Nikanyamaza. Nimesimama pale nimeshika kiatu cha mtoto, nanyamaza.

Nilikuwa najiambia kwamba nikisema ukweli kaka atapata pa kupitia. Atasema, kumbe ni wewe, halafu atapanda tena Jumapili na viatu amevua, nami sitakuwa na mdomo wa kumshusha. Ndiyo maana nimebeba hasira siku tatu kama mtu aliyebeba kaa la moto kwenye khanga. Ninayeungua ni mimi.

Leo saa nane nikachoka. Nikampigia.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, wapwa zangu hawajambo?"

"Hawajambo. Zuhura hujamuuliza."

"Si alishafungwa? Mifupa ya mtoto inaunga haraka."

Nikasema yote kwa pumzi moja, maana ningepumua ningeogopa. Nikamwambia wavu haukuibwa, niliuchukua mimi, uko kwenye nyanya. Akaanza kucheka, kile kicheko chake cha kushinda karata.

"Ahaa! Kumbe mwizi wa bandarini ni wewe! Sasa unanifokea nini? Kosa si lako?"

"Langu ni moja na lako ni moja. Wavu ni wangu. Kupanda na watoto wadogo wakati nimekwambia shuka, hilo ni lako. Langu naenda kulisema kwa Mama Zuhura sasa hivi. Lako utakwenda kulisema lini?"

"Unanifundisha, mdogo wangu?"

"Nakufundisha. Na Jumapili ukija, mlango wa kwanza kuingia ni wa Mama Zuhura. Ukipita moja kwa moja kuja kwangu, sikupikii. Na juu ya kile kitu hupandi tena, hata ukiniletea wazee wote wa ukoo. Ni mtoto mmoja mmoja. Wavu juu, wengine wanasubiri chini, na mtu mzima amesimama anaangalia, siyo ameshika simu. Mvua ikinyesha hakuna kuruka. Mawe nayatoa, nitamwita mtu achimbe, uwanja wenyewe uwe sawa. Hutaki, njoo uichukue uirudishe Ulaya."

Akakata simu. Au mtandao ulikata. Mimi najua amekata.

Nikaenda nyuma ya jiko. Nikang'oa vijiti, nikauchukua wavu na matope yake, kuku wakaingia kwenye miche mbele ya macho yangu na sikuwafukuza. Nikavuka uwanja na mvua ile, wavu mabegani, mpaka kwa Mama Zuhura.

Yeye ni mtu wa maneno machache. Alikuwa anachagua mchele wa vitumbua, Zuhura amelala pembeni, hogo limewekwa juu ya mto. Nikasimama mlangoni, nikasema. Sikukaa. Nilisema niliuchukua nikafunikia nyanya, na Jumapili nilikusikia ukiuliza nikanyamaza.

Hakunyanyua kichwa. Akaendelea kuchambua, jiwe huku, mchele huku. Ningependa angenitukana. Nilijua matusi ningeyajibu kwa machozi, tungelia wote, ingekwisha.

Baadaye akasema, "Siku tatu nawalaani watu wa bandarini. Kila swala. Watu sijawahi hata kuwaona."

Akatupa jiwe jingine pembeni.

"Dada, mimi nyanya ningekupa. Ungeomba hata chandarua kibovu, ninacho ndani."

Hapo ndipo nililia, na yeye hakulia. Akaniacha nilie. Nilipomaliza akasogeza ungo pembeni akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Saa kumi na moja alfajiri nakuwa kwenye moto, vitumbua havisubiri. Huyu hawezi kujivalisha, sweta halipiti kwenye hogo, analia. Njoo wewe umvalishe. Umpeleke na shule. Kila siku, mpaka walitoe."

Hakuniambia amenisamehe. Mimi pia sikuuliza.

Sijui kama kaka atakuja Jumapili. Sijui kama atabisha hodi pale au atapita na mkate wake wa Dar akijidai hajanisikia. Akipita, nitafanya nilichosema, na moyo utaniuma, maana nampenda yule mtu, ndiye aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo. Lakini sitampikia. Na bado namkasirikia, na bado najikasirikia, na hilo la pili naona litakaa muda mrefu kuliko la kwanza.

Sasa hivi natafuta sweta pana la Atanasia, nilipasue mkono mmoja na kuutia vifungo. Alfajiri nina mtoto wa kumvalisha.