Waliolipwa Wewe Ukiwa Gerezani

Mume wangu, Baba Tatu,

Walikuzika Tabora pamoja na wafungwa wenzako, nami sikuitwa hata kutupa udongo. Basi nakusemesha kutoka hapa Puge, nyumbani kwa kaka yangu.

Unakumbuka lile bani la kukaushia tumbaku lilipoungua? Sote tulijua bomba la moto limetoboka, na bwana mwenye shamba alikuwa ameambiwa. Hata hivyo alitangaza kwamba hasara itakatwa kwenye mishahara yetu. Watu walinung'unika vibandani. Wewe ulikwenda ukasimama mbele ya baraza lake ukasema, "Bwana, tulipe chetu kwanza, ndipo tuchume." Nyuma yako wanaume waliitikia, na Kasele, rafiki yako mliyechanjiana naye damu, alipaza sauti kuliko wote. Tukagoma. Majani yakaiva, yakaanza kuharibika shambani.

Bwana akakuita peke yako, akataka kukupa unyapara ili uvunje mgomo. Ulirudi ukicheka. Nilikuambia, "Kubali, Baba Tatu. Mtoto atakula nini?"

"Nikikubali, nitamtazamaje Kasele usoni?"

Kesho yake wakaja askari. Umevunja mkataba, walisema, wakakuchukua wewe tu. Siku hiyo hiyo bwana aliwaita waliobaki, akakubali kuwalipa bila kukata kitu. Walishangilia! Walipanga mstari, wakapokea, wakaenda kuchuma. Hakuna aliyeuliza, "Na mwenzetu je?"

Nilimwendea Kasele. Akanijibu akitazama chini, "Shemeji, tukianza tena tutakosa vyote."

Nyapara mpya aliyekuja kunitoa kibandani alikuwa yeye.

Tulikuwa tumeshahamia huku habari ilipofika kwamba kuhara kumekuua gerezani. Na juzi, baada ya mavuno, nani kaingia uani? Kasele, na blanketi kwapani.

"Mwangaluka, shemeji. Nimekuja kuomba msamaha."

Kaka alitaka kumfukuza kwa fimbo. Nilimzuia. Blanketi nimelichukua, maana Tatu anakohoa na baridi ya huku unaijua. Msamaha sikumpa. Aliketi pale juani akingoja angalau maji ya kunywa, nami nikaendelea kupepeta mtama wangu mpaka akainuka mwenyewe.

Wewe ungemsamehe. Nakujua, ungemvutia kigoda na kucheka naye. Ndiyo maana hasira zangu nyingine ni juu yako, Baba Tatu, wewe uliyemchagua yeye ukatuacha sisi.

Pumzika. Mimi bado siwezi.

Mkeo,
Mama Tatu