Tangi la Arbia

Garissa,
Machi 1967.

Kwa ndugu yangu Mwalimu Gichuki,

Salamu zangu zikufikie wewe, shemeji Loise na watoto, mkiwa wazima kama ninavyowaombea. Siulizi hali yako kwa mazoea. Baridi ya Nairobi naikumbuka, na kifua chako nakikumbuka zaidi. Je, kikohozi kimekwisha, au bado unakohoa mbele ya darasa mpaka watoto wanakuhesabia? Mimi sijambo. Macho yamepungua ila mchana bado yanasoma, na vitabu ulivyonitumia nimevimaliza. Kile cha historia ya Warumi nimekirudia. Magoti ndiyo yanayonisumbua. Joto limeshika, mto umeshuka, na mvua bado tunaitazamia.

Barua hii haikuja kwa posta. Ameileta Jelle, dereva wa lori, aliyeondoka hapa na msafara wa askari. Sababu nitaieleza. Mpe chai. Ni msemaji sana, lakini mkono wake ni mwaminifu.

Nianze na gari, maana ndilo umelihangaikia. Zile nati ulizopata zilifika salama na zote zimeingia. Fundi wetu alikuwa amekwisha kata tamaa, kwa sababu kichwa cha nati zile kinataka spana ya Kiingereza ya zamani, na uzi wake wa ndani ni wa Kifaransa. Bwana Mutiso alisema waliounda injini hiyo walioana bila kujuana lugha. Gasketi za kabureta nazo zimekaa vizuri. Injini imewashwa. Tulining'iniza debe la petroli kwa waya juu ya boneti, tukavuta mpira mpaka kwenye pampu, na ikanguruma. Askari wa doria walikuja mbio na bunduki, wakaishia kuomba kukaa kwenye usukani mmoja mmoja.

Bwana Mutiso humjui. Alikuja baada ya wewe kuhama shule ya hapa. Ni mtu wa Machakos, mkuu wa karakana ya magari hapa. Wewe uliyajua mabaki ya gari yaliyolala nyuma ya karakana, chesisi na injini iliyojaa mchanga, lakini kisa chake sikukuandikia, na bila kisa hicho hutaelewa ninachokuja kukuomba.

Mwaka wa hamsini na mbili kijana mmoja Mwingereza, ofisa wa hapa, alilileta gari hilo kutoka Nairobi. MG ya viti viwili, iliyoundwa mara tu baada ya vita vya Hitler, fupi kama kitanda cha kamba. Watu wa mjini waliliita punda aliyelala. Mimi nilikuwa mkalimani wake. Alitaka kufika nalo Ijara; nikamwambia njia ile ni ya malori na ngamia, akacheka. Tulipokaribia Ijara ekseli ya mbele ilivunjikia kwenye mzizi, tukakaa kivulini kutwa nzima mpaka lori likatuokota. Baadaye alihamishwa, akanituma nikawaambie wazee wa huko kwamba harudi tena, na anayelitaka alichukue.

Watu wengine wangepigania chuma kile. Wa Ijara walifanya wanavyofanya siku zote. Kitu kikubwa kikianguka karibu na boma hakiwi cha mtu mmoja; kinagawanywa siku ile ile, kila nyumba kwa fungu lake. Mzee Salat alisimama na fimbo akaligawa gari kama anavyogawa ngamia. Taa zilikuwa macho, zikahesabiwa pamoja na kichwa. Magurudumu yenye spoku yakawa miguu. Ngozi ya viti ikawa ngozi. Springi walipewa wahunzi wafulie visu. Kijana mmoja mwenye maneno akauliza ni nani aliyelichinja, maana yeye hakusikia bismillahi. Salat akamwambia, "Wewe hutakula. Shika mlango huo, unyamaze." Chesisi na injini viliwashinda uzito, na ndiyo sababu vilirudishwa Garissa kwa lori la idara ya barabara.

Likabaki tangi la petroli, lile pana la nyuma, jekundu. Salat alisema tumbo ni la wanawake, na kati ya wanawake anayetangulia ni bibi arusi mgeni. Mgeni alikuwa dada yangu Arbia.

Arbia unamkumbuka. Ndiye aliyekupa maziwa ya ngamia yaliyofukizwa moshi, ukamwambia yana ladha ya jiko, akacheka mpaka akakaa chini. Tulizaliwa Bute, huko kaskazini, tukabaki yatima, na serikali iliponileta huku kusini nilikuja naye akiwa mdogo. Akaolewa Ijara na Olow. Bute sijaiona tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Wa damu yangu upande huu ni yeye tu.

Tangi lile alilisugua kwa majivu na mchanga liwe la maji, akalifukiza, na bado Olow alilalamika muda mrefu kwamba chai yake inanuka gari. Lakini lililala ubavuni mwa ngamia kana kwamba lilikatwa kwa kipimo chake, na halikuvuja. Wanawake wengine walihama na vibuyu. Arbia alihama na tangi la MG. Mtu akimwona mbali njiani alijua ni nani.

Sasa nirudi kwa Mutiso. Alipoyaona mabaki yale alizunguka, akainama, akapuliza mchanga, kisha akaniambia kwa Kiswahili chake cha huko kwao, "Mzee Kerrow, hii gari ikilia tena, siku nikihamishwa nitatoka Garissa nikiwa juu yake, na wewe kando yangu na kofia." Nikamweleza viungo vilikoenda. Siku hizi, kama unavyosikia, mtu hatembei bila ruhusa. Watu wa malisho wamekusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa seng'enge, mifugo humo humo, na lango hufungwa jioni. Wao wenyewe wanauita wakati huu daaba, yaani kusimama. Mutiso akanitafutia kibali cha kuingia vijiji hivyo na lori la karakana, nikusanye vipuri, mpaka gari likamilike. Ndivyo kilivyoandikwa: mpaka gari likamilike.

Mara ya kwanza alikwenda mwenyewe. Akaamuru gurudumu lililokuwa kapi ya kisima kimoja cha Ijara litolewe. Watu wakamsikiliza kwa heshima, na hakuna aliyekumbuka kisima, wala gurudumu, wala mwaka wa hamsini na mbili. Alirudi amenuna. Nikamwambia, "Bwana, umekwenda kudai fungu la mtu. Fungu halidaiwi. Linabadilishwa kwa fungu la namna yake." Juma lililofuata tulikwenda na mbuzi, tukachinja pale langoni, nikapeleka paja kwa mwenye gurudumu. Gurudumu likaja likibingirishwa na watoto kabla sijafuta kisu.

Basi tukaendelea hivyo, mguu kwa mguu, ngozi kwa ngozi. Mutiso analalamika kwamba hakuna gari duniani lililokula mbuzi wengi namna hii. Zeinab, mjane wa Salat, ndiye aliyenisumbua kuliko wote. Taa moja ilikuwa sahani yake ya uji. Alinitazama kwenye seng'enge, mkono kiunoni. "Kerrow, ulikuja na serikali ya Wazungu ukatupa macho. Leo umekuja na serikali nyingine unayataka. Kichwa kiko wapi?" Nikampa kichwa. Akakifungua mdomo, akatazama meno. "Huyu alikuwa mzee kama wewe. Taa yangu ni kijana." Ilinibidi niongeze na shingo. Alipokuwa akinikabidhi alisogea karibu, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba siku ya kuhamishwa hakumwona Arbia katika malori.

Hapo ndipo ninapofikia nisichoweza kuandika kwa posta, maana barua za posta hufika kwako zimekwisha somwa.

Ndugu yangu, gari hili silitaki. Sikuwahi kulitaka. Nimekuhangaisha kwenye magereji ya Nairobi, umechafua koti lako la kanisani kwa grisi, nami muda wote huo nilikuwa namtafuta dada yangu.

Siwezi kumtafuta kwa jina. Tangu watu wahamishwe inasemwa Olow yuko porini na wale wanaopigana na serikali. Kweli au uongo, mimi sijui. Lakini nikienda ofisini nikauliza, "Arbia mke wa Olow yuko kijiji gani?" nitakuwa nimewapelekea jina lake mkononi, na yeye ndiye atakayeulizwa mume yuko wapi. Watu walioulizwa swali hilo nimewaona waliporudi. Kwa hiyo nauliza tangi, siulizi mtu. Tangi la petroli, jekundu, pana, la gari la karakana, kibali ninacho. Hata askari wa lango hunisaidia kuuliza. Mmoja, kijana wa huko kwenu milimani, alizunguka nami nyumba kwa nyumba akipiga kelele, "Nani ana tangi ya mzee?" Nusura nimkumbatie.

Na tangi limeonekana, Mwalimu. Mwanamke mmoja katika kijiji cha mtoni aliniambia aliliona kabla ya kiangazi, limefungwa juu ya punda. Juu ya punda, si ngamia. Nikaelewa ngamia wamekwenda. Nikamuuliza punda alikuwa na nani; akasema mwanamke mrefu na mtoto wa kike, wakielekezwa na askari upande wa kusini wa Ijara. Huko kuna vijiji viwili ambavyo sijaingia. Lori la karakana linakwenda huko mwezi ujao, njia ikisafishwa mabomu.

Sasa barua yako ya juzi. Unaniandikia kwa furaha kwamba umepata tangi kwenye uwanja wa gereji moja, limetolewa kwenye gari la aina hiyo hiyo lililopinduka, na mwenye gereji amekubali. Nililazimika kuisoma mbele ya Mutiso, kwa sababu ilifikia karakana. Alipiga makofi. Alisema, "Huyo mwalimu wako ni mwanamume!" Hakuna kipuri kingine kilichobaki. Tangi hilo likifika na msafara ujao, gari limekamilika, na gari likikamilika kibali kimekufa, nami nitabaki Garissa nikiendeshwa mjini na kofia.

Nakuomba usilitume.

Najua wewe ni mtu wa kanisa na sikuombi useme uongo. Nakuomba uchelewe tu, kazi uliyoifanya bila kuombwa miaka yote tuliyokaa pamoja hapa. Hata kengele ya shule ulikuwa ukiisubirisha. Mutiso atakuandikia. Mjibu kwamba tangi bado liko kwa mwenye gereji, na uliache huko huko ili jibu liwe la kweli.

Kuhusu Mutiso, sijui anajua kiasi gani. Si mtu mbaya, na si mjinga. Jioni ya barua yako nilimwambia kwamba tangi la asili lingefaa kuliko la gari jingine. Alifuta mikono kwa kitambaa, kisha akaniuliza, "Mzee, hilo la asili, likipatikana, litahitaji nafasi ya watu wangapi kwenye lori?" Nikamjibu kwamba tangi ni tangi. Akasema, "Haya. Nitaacha nafasi." Hatujazungumza tena habari hiyo, wala hajaniambia kama amekuandikia.

Uwanjani kwangu nimefunga mbuzi mmoja, jike, mnene, niliyempata kwa Bishara muuza nyama. Mafundi humpitia kila siku wakimpima mgongo kwa macho. Jana mmoja alisema wakinyimwa nyama zote wapewe hata matumbo, wao si watu wa kuchagua. Nikamwambia kila kitu katika mbuzi yule anaweza kuomba, isipokuwa tumbo. Lina mwenyewe.

Mpe shemeji Loise salamu za pekee, na umwambie koti lako nitalilipia kwa ngozi nzuri. Wabusu watoto. Nisalimie na yeyote huko anayeulizia habari za Garissa. Jelle atalala Nairobi kabla ya kurudi. Ukimpa jibu la mdomo, mwambie tu kama umechelewa au hukuchelewa. Atalileta hivyo hivyo, na mimi nitaelewa.

Mungu akulinde, nasi atuonyeshe njia.

Ni mimi nduguyo,
Kerrow Alio