Nilimlea, Kisha Nikamfukuza kwa Ajili ya Ubavu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na ujue mimi si mtu wa kuombaomba, maana hapa mtaani Mowlem watu ndio huja kwangu, hata pasta akikwama kwenye Agano la Kale huniuliza mimi, ingawa shule niliachia darasa la sita kwa sababu mwalimu alikuwa ananiogopa, na kule kiwandani Industrial Area niliwahi kuzuia boila isilipuke kwa mgongo huu huu.

Sasa, Jumapili moja ushirika wa kanisa ulikuwa nyumbani kwangu, nikawafundisha kwamba kila mwanamume ana ubavu mmoja pungufu kwa sababu ya Adamu na Hawa, nikasema nimewahi kuhesabu mifupa ya mtu mimi mwenyewe, hapo niliongeza chumvi kidogo, ndipo Everline, mtoto wa marehemu dada yangu niliyemlea tangu ana miaka minne na sasa anasomea uuguzi, akasema polepole, "Anko, mwanamume kwa mwanamke, mbavu ni kumi na mbili kila upande. Tumehesabu darasani." Mzee Luseno akadakia, "Kweyu, hesabu tena, labda ulijiruka!" Nyumba nzima ikacheka, nikawaka, nikamwambia Everline achague, vitabu vyake au Yesu. Aliosha vikombe vyote, akarudi hosteli. Hii ni Jumapili ya nne hajakanyaga kanisani wala kwangu, na amemwambia mke wangu kwamba kama imani ni kufumba macho, yeye basi.

Lakini kinachonila ni hiki: nilihesabu mbavu zangu, nikahesabu za mke wangu, akidhani ni mahaba, zikatoka sawa. Kama hilo si kweli, mengine nitajuaje? Mtoto ameniponyoka, na Mungu naye naona anaponyoka.

Kweyu, Mowlem

JIBU: Pole sana, ndugu Kweyu. Hayo majigambo nimeyasikia, na kilio kilicho ndani yake pia.

Lakini ulikosea. Soma tena Mwanzo sura ya pili: ubavu ulitolewa kwa Adamu. Wapi pameandikwa kwamba wanawe walizaliwa bila? Huko kiwandani, mtu akikatwa kidole na mashine, mkewe huzaa watoto wa vidole tisa? Kilichoanguka ni neno lako, si la Mungu.

Everline ataleta maswali magumu kuliko hilo, ya umri wa dunia na jinsi tulivyotokea, na hata Wakristo wa kweli hawayajibu kwa sauti moja. Mwache aulize akiwa kwako. Anayehesabu mifupa kwa makini anaitazama kazi ya Muumba kwa karibu kuliko wewe uliyebuni hesabu.

Basi nenda hosteli wiki hii, wewe mwenyewe, usimtume mkeo. Mwombe msamaha, umwambie hukuwahi kuhesabu mifupa ya mtu yeyote. Halafu, kwa kuwa ulimwaibisha mbele ya watu, yarudie hayo mbele ya watu, Luseno akiwepo. Atacheka. Mwache acheke. Ukishasema "nilikosea", keti chini, wala usiongeze hadithi.