Walidhani ni Nchi Nyingine

Eldoret,
Jumamosi jioni.

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwanza, kabla sijaanza kusema watu. Najua ukiona bahasha yangu imenenepa unajua kuna mtu amenikasirisha, na safari hii ni watu wengi. Lakini nieleze hali yako. Macho vipi? Daktari alisema mtoto wa jicho la kulia angoje au atolewe sasa? Na tafadhali acha kutoka kwenda kuchuma chai na baridi hiyo ya asubuhi. Vijana wapo, na wewe ulishafanya kazi yako ya maisha. Sisi huku tuko. Mvua imechelewa, wakulima wanaingia hapa dukani kuniuliza kwa nini mbolea imepanda kana kwamba mimi ndiye naipika, lakini watoto wanaenda shule na hatujalala njaa.

Uliniuliza wasomaji wa Eldoret walisema nini juu ya mswada wa kitabu chako, nikakwambia nitakuandikia. Hiyo simu yako ndogo ya mulika mwizi haiwezi kukuonyesha maneno yao, na mambo yenyewe ni mengi, kredo ingeisha kabla sijayamaliza. Tena nilitaka hasira ipoe kwanza. Haijapoa, kwa hivyo nakuandikia hivyo hivyo.

Kikundi chenyewe kiko kwenye simu. Ni watu wa mjini na viunga vyake wanaopenda vitabu, au wanaopenda tuone kwamba wanapenda vitabu. Kuna wakili mmoja ambaye hawezi kupendekeza kitabu bila kukipiga picha kando ya kikombe cha kahawa, na kando ya kikombe ufunguo wa gari. Kuna mhubiri anayesoma vitabu vya kutajirika tu, na akimaliza kimoja anatuambia kimebadilisha maisha yake, halafu mwezi unaofuata yanabadilishwa tena na kingine. Kuna kijana wa kambi ya wakimbiaji ya Kaptagat anayesikiliza vitabu kwa masikio akifanya mazoezi, na kwake kila hadithi ni nzuri mpaka aanze kupanda mlima, baada ya mlima hakumbuki kitu. Na kuna kundi zima, hao ndio wengi, ambao ukitaja kitabu chochote chini ya jua wanauliza jambo moja: nani ana PDF? Hawaulizi kinahusu nini. Ungewapa PDF ya maagizo ya kupuliza dawa ya viroboto wangesema asante na kuihifadhi.

Juu ya wote yuko Admin, mama mmoja aliyestaafu benki, anayetusimamia kana kwamba bado tumepanga foleni mbele ya dirisha lake. Ndiye aliyeanzisha kile wanachokiita kionjo. Ijumaa mtu anapiga picha kurasa chache za kitabu bila jalada, bila jina la mwandishi, na majina ya mahali yamefunikwa ili wengine wasigundue haraka. Watu wanasoma, wanasema wameonaje, wanabahatisha ni kitabu gani. Jumapili baada ya kanisa mwenye kionjo anafichua. Kikipendwa sana kinafanywa kitabu cha mwezi na kila mtu anakitafuta. Nikaona hapo ndipo pa kukuingizia mlangoni, maana kama ningesema ni kitabu cha mama yangu wangenipa pole na makofi ya heshima, na hakuna ambaye angesoma.

Nilichukua zile kurasa za kizuizi cha barabarani, kama zilivyopigwa chapa kwenye kompyuta kule saiba. Nilianzia pale unapotoka nyumba ya walimu na begi moja, siku matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa na moshi ukaanza. Nikaishia pale vijana wanapokukalisha chini barabarani, wanafungua begi wakitafuta pesa, na wanakuta insha za darasa la sita ulizokuwa umebeba kusahihisha likizo ile. Yule kijana mwenye panga anachukua daftari moja, anaisoma insha kwa sauti akiigiza sauti ya mtoto, wenzake wanacheka. Halafu anageuza jalada na kuona jina la mdogo wake. Anakwambia, Mwalimu pita. Na daftari zote zinatupwa kwenye gurudumu linalowaka, na ile ya mdogo wake pia. Jina la Ziwa, pale ulipokuwa ukifundisha, nililifunika kwa kipande cha karatasi, na la Eldoret, kama sheria inavyosema. Sikuwa natega mtu, Mama.

Lo, walikipenda. Ningetamani uone. Walilia, au waliweka zile nyuso ndogo za machozi ambazo mtu anaziweka huku akitafuna. Mhubiri alisema huo ndio unyama wa watu wasiomjua Mungu. Mwingine alisema ni Rwanda, mwingine akasema hapana, hao ni Wasudani, anawajua. Kijana wa Kaptagat alisema Kongo. Mama mmoja wa Ainabkoi, ambaye huwa anaandika vizuri na nilikuwa namheshimu, aliandika kwamba amewasomea watoto wake mezani na wakamshukuru Mungu pamoja kwa kuzaliwa Kenya. Na yule wakili wa kahawa, huyo sitamsahau. Alisema anakijua kitabu hicho, alikisoma miaka iliyopita katika Kifaransa chake cha asili, na kwamba mfasiri wa Kiswahili amejitahidi lakini amepoteza ladha. Wewe, Mama, uliyeandika mezani kwako na kalamu ya Biki, umepoteza ladha ya Kifaransa.

Jumapili nikafichua. Niliandika jina lako, nikasema wewe ni mwalimu mstaafu uliyefundisha huku miaka mingi, na kwamba karatasi yangu ilikuwa imefunika neno Ziwa. Barabara ni ile wanayopita kila siku ya soko.

Hapo ndipo walipogeuka. Wakili alifuta maneno yake yote, ya Kifaransa na ya Kiswahili. Mtu mmoja akatuma video ya kwaya. Mwingine akauliza, eti kwa upole, mwandishi ni wa upande gani. Mwingine akasema mbona tusisahau tusonge mbele, na huyo ndiye Ijumaa alikuwa amesema dunia isisahau kamwe. Yaani Mrwanda akumbuke, wewe usahau. Mmoja alilalamika kwamba upande wake pia uliumia na nani ataandika yao. Nikamjibu aandike yeye, mkono wake haujafungwa. Hapo Admin akanionya mbele ya wote kwamba kikundi hiki ni cha vitabu na si cha siasa.

Kesho yake akanipigia simu, sauti imelainika. Alisema kitabu ni kizuri mno, kimemkosesha usingizi, na kwamba ana binamu yake mwenye matbaa Nairobi ambaye atakichapa bila kutudai chochote mwanzoni, na kikundi kitakifanya kitabu cha mwezi. Kuna kitu kidogo tu cha kurekebisha. Tuondoe Ziwa, tuondoe Eldoret na Kenya, tuweke nchi ya kubuni.

"Nyaboke, maumivu ni maumivu," akaniambia. "Si lazima yawe na address."

Nakuandikia maneno yake kama yalivyo ili umjue mtu anayetaka kukufungulia mlango. Nilimwambia kitabu ni chako na nitakuuliza. Yeye kabla hajasikia jibu akatangaza kwenye kikundi kwamba mwandishi anafikiria kuondoa majina ya mahali, tumtie moyo. Wakakutia moyo, Mama. Wakili alituma kidole gumba.

Sasa nikwambie ukweli. Pamoja na dharau yangu yote nilikuwa tayari kukuandikia ukubali. Najua unavyokitaka hiki kitabu. Uliniambia Krismasi kwamba unataka kukishika kikiwa kimechapwa, ukisome mwenyewe kabla macho hayajafunga, na kwamba wakitaka kubadilisha wabadilishe, bora kisomwe. Matbaa mbili zimeshakurudishia bila hata barua. Huyu wa tatu anataka majina tu yatoke, na mimi ni nani wa kukunyima kitabu chako kwa sababu ya hasira zangu na watu wa PDF?

Halafu Alhamisi akaja Rono. Humjui, yaani nilidhani humjui. Ni mkulima wa Ziwa, ana trekta na ng'ombe wa gredi, na ni mteja wetu wa siku nyingi. Kwenye kikundi yumo lakini haandiki neno. Aliagiza dawa ya kupe, nikamletea, na hakuichukua. Alisimama pembeni akijifanya anasoma mifuko ya mbegu mpaka wateja wakaisha, akarudi kaunta.

"Madam, ile kionjo yako nimesoma," akasema. "Ule kijana alisoma composition ya mtoto kwa sauti. Ni mimi."

Niliiweka chini ile chupa ya dawa, kwa sababu kama ningeendelea kuishika ningeirusha. Nilimtazama mikono. Ni mikono ya kawaida, Mama, ina saa nzuri. Akaendelea yeye, akiongea na kaunta badala ya kuongea na mimi. Ana binti wa kidato cha pili anayependa kusoma na huwa anamnyang'anya simu. Jumamosi ile alisoma kurasa zako kwenye simu ya baba yake, akamuuliza hiyo ni nchi gani. Rono akamjibu ni Kongo. Jumapili nilipofichua alifuta kila kitu kabla msichana hajaona. Sasa amesoma tangazo la Admin kwamba majina yanatolewa, na ndiyo maana amekuja.

"Mwambie Mwalimu asitoe Ziwa."

Hapo ndipo ulimi wangu ulipofunguka. Nilimwambia mama yangu si mdomo wake. Nilimwambia kama ana binti na ana ukweli, aende nyumbani amkalishe amwambie, asije kumtwika mama mgonjwa wa macho kazi ambayo imemshinda yeye na trekta yake. Nilisema mengine ambayo siyaandiki kwa sababu wewe ndiye uliyenilea. Alisikiliza yote. Hakukasirika, jambo lililonikasirisha zaidi.

"Nikimwambia mimi nitasema nilikuwa napita tu," akasema. "Najijua. Uliza Ziwa mzima, Madam. Hakuna mtu alikuwa hapo. Wote tulikuwa tunapita."

Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia. Alitaka kujua, katika zile insha, mdogo wake alikuwa amepata ngapi. Nikamwambia haikuwa imesahihishwa, mliichoma. Akaitikia kwa kichwa, akalipa dawa yake, akatoka.

Usidhani nimemhurumia. Sijamhurumia. Hakuomba msamaha, na alifanya vizuri, maana mimi sina wa kumpa na wa kwako si wangu kuugawa. Nikilala namwona ameshika daftari, na namchukia kwa sababu sasa ana uso, na uso wenyewe ni wa mtu ambaye nimemuuzia chumvi ya ng'ombe na kumtania kuhusu ndama. Ningependa arudi kuwa kijana asiye na jina katika kurasa zako. Lakini lile neno lake, usitoe Ziwa, nimekaa nalo siku hizi mbili. Katika watu wote waliosoma, waliolia, waliobahatisha nchi za wenzao, ni huyo mmoja aliyesoma alichosoma. Tukiweka nchi ya kubuni, wakili atakipiga picha na kahawa, mhubiri atabadilishwa maisha kwa wiki moja, mama wa Ainabkoi atashukuru tena mezani, na msichana wa Rono atakua akijua kwamba watu wabaya wako Kongo.

Kitabu ni chako. Ukikubali la Admin nitampigia mwenyewe, na nitakuwa mpole kwake, nakuahidi, na nitakuja nacho nyumbani kikiwa kimechapwa nikuwekee mkononi, na sitasema neno. Ukikataa, sijui nani atakichapa wala lini, na sijui macho yako yatangoja. Huo ndio ubaya wa jambo hili na siwezi kukupunguzia. Ukiniuliza mimi, acha jina.

Nisalimie Mjomba Ombati anayekukatia nyasi, umwambie ng'ombe akiendelea kukohoa asimpe tena dawa ya binadamu. Nisalimie wifi yangu Kerubo anayekuchotea maji, Mungu ambariki, na shangazi Bosibori anayekusomea magazeti na kuruka kurasa asizozipenda. Barua hii asikusomee yeye. Isome mwenyewe, polepole, mchana kukiwa na mwanga.

Na ukishaamua usiniandikie sababu wala kumaliza kredo kunieleza. Ukitaka tubadilishe, kaa kimya, nitaelewa. Ukitaka jina libaki, nipigie flashi moja, simu ilie mara moja tu, ukate. Nitakuwa hapa kaunta na simu mbele yangu. Jina lako likiwaka, nitajua Ziwa inabaki Ziwa, na nitamwandikia Admin kwamba tumekataa.

Ni mimi binti yako,
Nyaboke