Mashine ya Kufyonza Vumbi Iliyomeza Alizeti za Mama Mkwe

Kwako Shajara, na kwako msomaji uliyefika ukurasa huu kwa hiari yako,

Salaam.

Yah: Ombi la uamuzi kuhusu mashine ya kufyonza vumbi: itengenezwe, au inunuliwe nyingine.

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Leo ni Jumamosi. Hapa Unyambwa upepo uliamka kabla yetu, na hadi alasiri hii ninapoandika haujatulia. Nami sijatulia. Nimeketi, nimesimama, nimefuta meza ambayo upepo umeitia vumbi tena kabla sijakunja kitambaa.

Kwa heshima naomba nieleze chanzo cha shauri hili.

Mke wangu, Mama Neema, ana pumu. Kila zinapoanza pepo hizi, kifua chake hupiga filimbi. Daktari alimshauri kwamba vumbi la ndani lifyonzwe badala ya kufagiliwa, kwa kuwa ufagio hulihamisha tu kutoka sakafuni kwenda puani. Kwa hiyo msimu uliopita tuliuza alizeti zote, hata zile ambazo hukamuliwa kwa matumizi ya nyumbani, tukaagiza mashine kupitia kwa mwenye duka mmoja mjini. Sisi wakulima wa alizeti tukawa tunanunua mafuta ya kupima. Majirani walicheka. Lakini mke wangu alipumua, na sikujutia kitu.

Msimu huu mama mkwe wangu alikuja kutoka Sekenke kutusaidia mavuno. Ni mjane, na kule anaishi peke yake, hivyo tulimwomba abaki nasi kabisa.

Siku ya Alhamisi nilikuwa ofisi ya kata, nikiwasaidia majirani kuandaa maombi yao ya bomba la maji. Mama mkwe alikuwa uani akipepeta alizeti. Upepo ukageuka, makapi yakaingia dirishani, na mwanawe, yaani mke wangu, akaanza kukohoa. Basi akafikiri. Alikuwa ameiona ile mashine ikila vumbi la zulia. Kama inakula vumbi, makapi itashindwaje? Akaitoa nje, akachomeka waya kupitia dirishani, akaelekeza mdomo wa bomba kwenye ungo.

Kwa maelezo ya Mama Neema, kazi ilianza vizuri sana. Makapi yote yaliingia, hata moja halikuruka. Kisha zikaingia alizeti zenyewe. Kisha ukaingia upindo wa kanga. Mashine ikanguruma, ikakohoa kuliko mgonjwa, ikatoa moshi.

Nilipofika, ua ulinukia kama jiko la maandazi.

Sikusema neno. Sikuwa na ruhusa ya kusema. Kwa desturi niliyolelewa nayo, mtu na mama mkwe wake huepukana: hawatazamani usoni, hawali pamoja, na neno lolote kati yao hupitia kwa mtu wa kati. Ukimya wangu ulikuwa wa adabu. Yeye akausoma kuwa ni hasira.

Jana asubuhi niliipeleka mashine kwa fundi wa Mandewa, kijana mwenye maneno mengi. Alinipa shikamoo yangu kwanza, kisha akafungua mfuniko, akaangua kicheko.

"Mzee wangu, hii ni ya sebuleni au ya kiwandani? Ungeniletea na chupa tu, tukamue mafuta kabisa!"

Nilimwomba ajielekeze kwenye hoja. Akasema mota imeungua, ila inaweza kusukwa upya na ikanguruma kama zamani. Tatizo ni chujio, ambalo limechanika na halipatikani hapa. Angeweza kunikatia jingine kutoka kwenye sponji ya godoro. Nikamuuliza kama sponji itazuia vumbi laini. Akajikuna shingo. "Itazuia lile kubwa kubwa, mzee. Lile laini litatokea nyuma."

Lile laini ndilo linalokipigisha filimbi kifua cha mke wangu.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimekwisha kuamua kwamba tununue nyingine, na mavuno ya msimu huu yaende kulekule yalikokwenda ya msimu uliopita. Nilidhani shauri limefungwa. Ndipo Mama Neema aliponivuta pembeni na kunieleza jambo ambalo tangu hapo limeninyima utulivu. Mama yake amekwisha kufunga kanga zake kwenye furushi. Amemwambia hivi: "Ikitengenezeka, nitakaa nanyi kama mlivyoniomba. Isipotengenezeka, mimi ni mgeni mharibifu. Nitarudi kwangu."

Hapo ndipo nilipokwama. Nikiitengeneza, mama atabaki na mwanawe atakohoa. Nikinunua nyingine, mwanawe atapumua na mama ataondoka akiamini kwamba nimemfukuza kwa kitendo, mimi ambaye sijawahi hata kumtazama.

"Baba Neema," mke wangu akaniambia, "unawaandikia watu hadi maombi ya bomba la maji. Umeshindwa neno moja kwa mama yangu?"

Nikamwomba alipeleke yeye, kama desturi inavyotaka. Akasema amekwisha kulipeleka mara nyingi, na mama yake anajibu kwamba mtoto humtetea mumewe.

Leo mchana Mama Neema alikwenda zahanati kufuata dawa. Nyumbani tukabaki wawili: mama mkwe uani na ungo wake, mimi sebuleni na mashine. Mtu wa kati hakuwapo. Nikaisogeza mashine hadi dirishani, nikaupa ua mgongo, nikakohoa kidogo, nikaihutubia.

"Ewe mashine," nikasema kwa sauti ya kusikika, "ninakushukuru kwa utumishi wako. Ulikufa ukimkinga mgonjwa na makapi, na aliyekutuma alikutuma kwa upendo. Fundi amesema ukifufuliwa utatema vumbi. Natamani kuleta mwenzio. Lakini nyumba hii inahitaji mama kuliko inavyohitaji mashine, na sitaki kuja kwa mmoja kuwe kuondoka kwa mwingine."

Ungo ukanyamaza.

Kisha sauti ikatoka uani, nayo haikuelekezwa kwangu. "We kuku," ilisema, "acha kudonoa alizeti za watu. Na huyo anayezungumza na chuma, mwambie bibi amesikia. Bibi hajui kujibu maneno makubwa hivyo kwa haraka. Aachwe apepete kwanza."

Ungo ukaanza tena.

Sijui nililie hilo au nilifurahie. Tangu hapo nimezunguka sebule hii kama aliyepoteza funguo. Furushi bado liko nyuma ya mlango, nimechungulia. Mama Neema amerudi, nimemsimulia, amecheka hadi akakohoa, na kikohozi hicho kimenirudisha kwenye shauri lenyewe.

Nimeandika maombi mengi kwa wakubwa wengi, nami nilijua daima aliye na mamlaka ya kuamua. Safari hii nilidhani mwamuzi ni mimi. Sivyo. Kwa hiyo kesho, kuku wakishafunguliwa, nitarudi dirishani, na mashine itapokea ombi langu la mwisho kwa maneno machache:

Mama, tutengeneze au tununue nyingine? Lolote utakalosema nitalitekeleza, ila furushi lifunguliwe. Naomba uamuzi wako.